Nyumba ya Pwani kwenye baridi ya Mbeya

Hebu nikuulize swali. Kwa nini nyumba za zamani za Majengo, Mbeya, zinafanana na nyumba za Magomeni au Ilala kule Dar es Salaam? Pita mitaa ya Majengo na Sokomatola, au kama uko Iringa zunguka Mlandege na Makorongoni. Utaiona ile ile: mlango katikati, dirisha kulia, dirisha kushoto, baraza mbele, bati lililoshika kutu juu. Mlango ukiwa wazi unaona korido iliyonyooka hadi uani, na milango mitatu kila upande. Nyumba ya vyumba sita. Wengi wetu tumezaliwa humo, au tumepanga humo tulipoanza maisha, na hatukuona cha kushangaza.

Lakini kinashangaza. Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500 kwa barabara, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Iringa mjini ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi joto 10. Sasa nyumba iliyobuniwa na watu wanaokimbia joto ilipandaje mlima na kuja kukaa na watu wanaokimbia baridi?

Historia ya Nyanda za Juu Kusini tuliyofundishwa shuleni ni ya Mkwawa, Wajerumani na fuvu. Ni historia kubwa, sina ugomvi nayo. Ila mtu hakai kwenye vita kila siku. Mtu analala, anaota moto, anapika, anagombana na jirani kuhusu zamu ya kufagia. Hayo nayo ni historia, na kama tutakavyoona, kuna watu yanawagharimu maisha mpaka leo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie.

Tuanze na Pwani ilikotoka. Nyumba ya Kiswahili ya asili ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa makuti. Kila kitu ndani yake kina sababu. Korido inavuta upepo kutoka mlango wa mbele hadi uani. Kuta za vyumba mara nyingi hazifiki juu kabisa, hivyo hewa ya moto inapanda, inapita juu ya kuta na kutokea kwenye paa. Jiko liko uani, pamoja na choo, bafu na stoo, maana nani anataka moto karibu na kitanda Dar es Salaam mwezi wa kwanza? Baraza ni ya wanaume na wageni, uani ni kwa wanawake na shughuli za nyumba. Mgeni anaweza kunywa kahawa barazani mpaka akaaga bila kujua ndani mna watoto wangapi.

Sasa linganisha na Uhehe. Nyumba ya Mhehe ilikuwa tembe: ndefu, fupi kwenda juu, kuta za miti na udongo, paa bapa la magogo na fito lililotandazwa udongo. Vyumba vilipangwa mstari, na familia ikiwa kubwa tembe lilizunguka ua. Milango midogo, madirisha hakuna au ni tundu tu. Moto ulikuwa ndani. Ule udongo wa paani ndio blanketi la nyumba, unazuia jua la mchana na kulinda joto la usiku.

Shuka Rungwe kwa Wanyakyusa ukute jibu lingine. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1879 akaisifu sana nchi ile, migomba yake na nyumba zake safi. Miaka ya 1930 wataalamu wa elimu ya jamii, Godfrey na Monica Wilson, waliishi huko wakichunguza maisha ya kila siku, na Monica akaandika kitabu kinachoitwa Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Humo tunakuta vijana wa rika moja wakitoka kwa wazazi wao na kuanzisha kijiji chao wenyewe. Nyumba zilijengwa kwa mianzi, na ng'ombe walilala ndani. Usicheke. Ng'ombe ni jiko lisilohitaji mkaa.

Sisemi nyumba hizo zilikuwa pepo. Moshi uliumiza macho na vifua, na kulala na mifugo kuna magonjwa yake. Ninachosema ni kwamba wazee wa huku walikuwa wamekaa chini wakafikiri kuhusu baridi. Swali la kwanza la nyumba yao lilikuwa: moto tunauweka wapi? Nyumba ya Pwani swali lake la kwanza lilikuwa: joto litatokea wapi?

Haya, zilikutanaje? Kalenga, makao ya Mkwawa, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Jina Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Mwaka 1896 Wajerumani wakajenga kituo chao kipya juu ya mlima, pale mji ulipo leo. Kituo cha kijeshi si Wazungu peke yao. Walikuja askari na wake zao, wapagazi, makarani, mafundi na wafanyabiashara waliozoea maisha ya Pwani. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili, wengi walikuwa Waislamu, na nyumba waliyoijua ni ile ya korido. Mtu akihama hubeba nyumba yake kichwani, akifika anaijenga kwa udongo anaoukuta.

Halafu ikaja kodi. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na mtu akawa hana budi kutafuta fedha kwa sababu tu ana paa. Vijana wakatoka vijijini kutafuta kazi, na kijana aliyetoka kijijini anahitaji mahali pa kulala mjini.

Mbeya ni mji mdogo kiumri. Ulianzishwa na Waingereza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ikivuta watu. Miaka ya 1930 Lupa ilichemka kweli kweli. Walikuja Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wabena, Wahehe, watu wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (leo Malawi na Zambia), Wahindi wenye maduka na Wazungu wenye tamaa. Mji kama huo hauhitaji nyumba ya ukoo. Unahitaji vyumba.

Na hapo ndipo nyumba ya Pwani iliposhinda. Angalia ramani yake kwa jicho la biashara. Vyumba sita vinavyolingana, kila kimoja na mlango wake kwenye korido, choo na jiko vya pamoja nyuma. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Hana haja ya kupangisha kwa ndugu, hata mgeni kabisa anaweza kukaa bila kuingia chumbani kwa mwenzake. Jaribu kupangisha tembe uone, utampitisha mpangaji katikati ya mifugo na wakwe. Ndiyo maana kuna Majengo Mbeya, Majengo Moshi, Majengo Mombasa na Majengo Nairobi. Kule Nairobi, mtaa wa Pumwani, mwanahistoria Luise White ameonyesha jinsi wanawake waliojipatia fedha mjini walivyojenga nyumba za namna hii wakawa wenye nyumba kwa jina lao wenyewe, katika zama ambazo mwanamke wa Kiafrika hakutegemewa kumiliki kitu. Chumba cha kupangisha kilikuwa pensheni ya asiye na pensheni.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi huliona ndilo moyo wa habari hii. Mbeya bado ina majina ya Uzunguni na Uhindini. Yanatamkwa kila siku na makondakta wa daladala kama vile hayana maana. Yana maana. Mji wa kikoloni ulikatwa mafungu matatu: Wazungu juu penye miti na viwanja vikubwa, Wahindi kwenye barabara ya maduka, Waafrika kwingineko. Nenda Uzunguni Mbeya, au Gangilonga kule Iringa, au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, utazame paa za nyumba za zamani. Utaona dohani, bomba la matofali la kutolea moshi. Ndani mna mahali pa kuwasha kuni, sebuleni, ili bwana na bibi waote moto jioni bila kuvuta moshi.

Sasa rudi Majengo utafute dohani. Hulioni.

Kwa hiyo Mzungu aliyetoka nchi za baridi alijijengea nyumba ya baridi. Mhehe na Mnyakyusa walikuwa na nyumba zao za baridi kijijini. Aliyebaki na nyumba ya joto kwenye mji wa baridi ni mpangaji wa Kiafrika. Tena bati lilipochukua nafasi ya nyasi na udongo, mambo yakazidi. Bati ni heshima, halichomeki, halivuji. Lakini usiku wa Julai bati linatoa joto nje kama sufuria isiyo na mfuniko, na alfajiri linakudondoshea umande usoni. Babu wa tembe angekucheka.

Basi watu wakaanza kuitengeneza nyumba upya bila kugusa ukuta. Ile nafasi kati ya ukuta na paa, iliyobuniwa kupitisha upepo, ikazibwa kwa magunia, matambara na magazeti. Baraza, ambalo Pwani ndilo sebule ya mtaa, huku ni la saa za jua. Likizama kila mtu ndani. Na jiko la mkaa, ambalo kwa adabu ya nyumba ile mahali pake ni uani, likaanza kuvuka kizingiti. Linapikiwa nje, ugali ukiiva jiko linabebwa kwa mashikio hadi chumbani, linawekwa katikati ya mkeka na watu wanalizunguka. Yaani moto wa tembe ulirudi ndani ya nyumba ya Pwani. Ulirudi bila tundu la moshi.

Hapa naomba tusimame kidogo maana si hadithi tena. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mwilini hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala haamki kukohoa. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko pembeni, na mtaani huanza maneno ya uchawi. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi hauna madhara. Si kweli, hewa hiyo inaendelea kutoka. Na nyumba mpya ni hatari kuliko ile ya bibi, kwa sababu dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu yameziba hata zile nyufa zilizokuwa zikituokoa bila sisi kujua. Kama una jiko la mkaa, lala nalo mbali, nje. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

Haya, tuendelee kutazama chumba chenyewe. Futi kumi kwa kumi. Pazia la kitenge au la maua linagawa dunia mbili: nyuma kitanda na masanduku, mbele "sebule" yenye makochi mawili, meza na kabati la vyombo. Juu ya makochi vitambaa vya kufuma, kazi ya mkono ya mama, vyeupe vinavyofuliwa Jumamosi. Ukutani kalenda, picha ya harusi, picha ya Mwalimu Nyerere. Pembeni ndoo za maji zenye vifuniko. Mpangaji wa Iringa atakuwa na kikapu cha milulu kilichosukwa na shangazi kijijini. Wa Mbeya atakuwa na chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Hivi viwili ndivyo vilivyopanda basi na mtu kutoka kwao kuja kukaa katikati ya vitu vya dukani.

Na hivyo vya dukani, wengi hatujui vilikotoka. Unayakumbuka mabeseni ya bati yenye maua, chupa za chai zenye picha ya ndege, jiko la mafuta ya taa ambalo mpaka leo tunaliita jiko la Mchina? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. China ilitoa mkopo usio na riba. Lakini mishahara ya vibarua na gharama za hapa nchini zililipwaje? Sehemu kubwa ililipwa kwa bidhaa. China ilileta vyombo, nguo, baiskeli na kadhalika, zikauzwa kwenye maduka ya Tanzania na Zambia, na fedha iliyopatikana ikalipia kazi. Kwa maneno mengine, aliyenunua beseni lenye maua alichangia reli. Sijui kama kuna mnara wa TAZARA unaozidi kabati la vyombo la bibi.

Mwaka 1971 ulileta mabadiliko ya namna nyingine. Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Nyumba za maduka za miji mingi zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Waliokuwa wakipita Uhindini kununua chumvi baadhi yao wakaanza kulala ghorofani. Wengine, familia zilizojenga kwa jasho la vizazi viwili, wakafunga masanduku. Zote mbili ni habari za ndani ya nyumba, na moja haifuti nyingine.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kabati likawa tupu, sabuni ikawa ya kupanga foleni. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 na mitumba kumiminika, chumba cha Mbeya kilipumua kwa sababu Pwani isingeielewa: masweta na mablanketi. Na televisheni? Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi Bara tuliisubiri hadi 1994. Ilipofika, wenye nayo walikuwa wachache kwenye korido, na watoto wa vyumba sita wakajifunza kuvua viatu mlangoni kwa jirani saa ya taarifa ya habari.

Hapo kwenye korido ndipo ninapotaka kumalizia. Mnyakyusa akiamka anasema ugonile, Mhehe au Mbena anasema kamwene. Lakini kwenye korido yenye Mnyakyusa, Mhehe, Mkinga na mwalimu kutoka Bukoba, lugha ni moja. Tunapenda kusema Kiswahili kilienezwa na shule, redio na Mwalimu. Ni kweli. Ila na ile bili ya umeme ya mita moja isomewe heshima yake, maana huwezi kugombana kuhusu nani ana pasi na nani ana redio tu kwa lugha ambayo mwenzako haisikii. Zamu ya choo, kuazima chumvi, kumpeleka mtoto wa mwenzio hospitali usiku, msiba wa chumba namba nne: yote yalihitaji maneno. Mama mwenye nyumba alikuwa hakimu, na hukumu aliitoa kwa Kiswahili.

Usidhani nalilia zamani. Mpangaji wa korido hana siri, kodi analipa miezi sita kwa mkupuo, na mwanamke anayekwenda choo cha uani saa nane usiku hana cha kusifia. Kama ningepewa kuchagua, nami ningechagua choo ndani. Kijana anayejenga leo Forest, Uyole au Mtwivila anaweka masta, jiko la ndani, ukuta na geti, na ana haki. Nyumba za vyumba sita zinavunjwa, mahali pake panajengwa fremu za maduka. Hiyo ni kawaida ya mji.

Ila tazama tunachohifadhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Boma la Wajerumani pale Iringa ni makumbusho. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa mwaka 1954 nalo lina nyumba yake Kalenga. Jiwe la tajiri, jengo la mshindi na kichwa cha mtemi vyote vina mlinzi. Nyumba ambamo maelfu ya watu wa kawaida walipikia, wakazalia na kuzika kutokea haina hata picha nzuri.

Na ujinga huo una bei. Anayejenga Mbeya leo anaiga ramani ya Dar kwa mara ya pili, safari hii ya Mbezi na Tegeta: madirisha makubwa, vigae, kiyoyozi hakihitajiki na mahali pa moto hakuna. Halafu Julai analeta jiko la mkaa sebuleni. Miaka zaidi ya 100 ya kuishi mjini, na swali la babu wa tembe bado hatujalijibu.

Kwa hiyo kama kwenu bado iko nyumba ya korido, ingia na kamera kabla ya tingatinga. Piga picha vyumba, si mlango tu. Muulize bibi nani alilala wapi, moto uliwekwa wapi na nani alilipa kodi. Na unapomwita fundi achore nyumba yako mpya, kabla hajauliza unataka masta ngapi, mwambie akuonyeshe kwanza moshi utatokea wapi.